Wilaya Ilibaki, Halmashauri Ikafutwa

Ukitaja Bagamoyo mbele ya wapenda vitabu, mazungumzo hayakawii kufika kwenye misafara, pembe za ndovu na watumwa. Sawa, hiyo ni historia yetu. Lakini mimi navutiwa na habari nyingine: nani alikuwa na sauti ya kuamua mambo ya pale?

Wajerumani waliifanya Bagamoyo makao yao makuu, kisha mwaka 1891 wakahamia Dar es Salaam. Boma walilojenga 1897 likawa la wilaya tu. Walitawala kwa maliwali, maakida na majumbe, watu wa kupokea amri na kuzishusha chini. Waingereza wakaleta sheria ya mamlaka za wenyeji mwaka 1926, na ya serikali za mitaa mwaka 1953. Baada ya Uhuru, utawala wa machifu ukafutwa 1963, zikabaki halmashauri zenye madiwani.

Hazikudumu. Mwaka 1972 ikaja sera ya Madaraka Mikoani. Jina tamu, si ndiyo? Ukilisikia utadhani mwananchi kaongezewa nguvu. Kumbe walioshuka mikoani ni watumishi wa Serikali Kuu, na halmashauri za wilaya zikavunjwa. Wilaya ya Bagamoyo ilibaki kwenye ramani, lakini mwenye kauli sasa alikuwa mkurugenzi aliyeteuliwa kutoka juu.

Huko Wales nako, wilaya zilizoundwa mwaka 1974 zilifutwa 1996. Ila kazi zao zilikabidhiwa mabaraza mengine ya kuchaguliwa. Hapo ndipo tofauti ilipo, na si ndogo.

Sheria ya 1982 ilizirudisha halmashauri zetu, zikaanza kazi 1984. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alikiri kwamba angeanza upya, asingezifuta. Leo wilaya ina halmashauri mbili: Bagamoyo ya pwani na Chalinze ya njia panda ya Morogoro na Tanga. Wengine wanabishana kuhusu mpaka upite wapi. Mimi nasema mpaka si hoja. Hoja ni kama aliye ndani yake anaweza kumwajibisha anayemwongoza.

Basi, waandishi wa riwaya, misafara tumeisoma vya kutosha. Tuandikieni ile miaka 12. Kisima cha kijiji kikikauka na diwani hayupo, mtu alikwenda kumlilia nani?