Kunakili kama njia ya kujifunza utunzi wa muziki

Kunakili kazi za watunzi wengine ni mojawapo ya njia kongwe za kujifunza utunzi wa muziki. Mwanafunzi huandika upya nota za kazi iliyokamilika, huipangia ala nyingine, au hutunga kazi yake mwenyewe kwa kufuata muundo wake. Mfano mashuhuri ni Johann Sebastian Bach (1685–1750), Mjerumani aliyejifunza utunzi kwa kiasi kikubwa kwa njia hiyo.

Bach alifiwa na wazazi wote wawili kabla hajatimiza miaka kumi, akalelewa na kaka yake, mpiga ogani mjini Ohrdruf. Taazia iliyochapishwa mwaka 1754 inasimulia kwamba kaka huyo alimnyima kitabu cha kazi za watunzi Froberger, Kerll na Pachelbel. Mtoto akawa anakichukua usiku kwa siri na kukinakili kwa mwanga wa mbalamwezi, kazi iliyomchukua miezi sita. Alipogunduliwa, alinyang'anywa nakala yake.

Hatua kubwa zaidi aliifikia mjini Weimar. Mwaka 1711 mtunzi wa Kiitalia Antonio Vivaldi alichapisha mjini Amsterdam konseto 12 (kazi za okestra na wapigaji wa peke yao) ziitwazo L'estro armonico. Miaka michache baadaye Bach alizigeuza kadhaa ili mtu mmoja aweze kuzipiga kwa ogani au hapsikodi. Hapo kunakili tu hakukutosha. Fidla huweza kuivuta sauti kwa muda mrefu, ilhali mlio wa hapsikodi hufifia mara tu uzi unapodonolewa; kwa hiyo Bach aliongeza madoido, akaichangamsha besi na kujaza sauti za kati.

Kwa kupima kila nota hivyo, aliufahamu muundo wa ndani wa konseto: okestra hupiga kiitikio, mpigaji wa peke yake hujibu, kisha kiitikio hurudi, mara nyingi kikiwa kifupi zaidi na katika ufunguo mwingine. Muundo huo unasikika wazi katika Konseto za Brandenburg, alizozitabaruku mwaka 1721. Johann Nikolaus Forkel, aliyeandika wasifu wa Bach mwaka 1802, alieleza kuwa ni Vivaldi aliyemfunza mpangilio, mwendelezo na uwiano.

Bach naye akawa mwalimu wa waliofuata. Kuanzia mwaka 1782 Wolfgang Amadeus Mozart alikwenda kila Jumapili nyumbani kwa mpenzi wa muziki Gottfried van Swieten mjini Vienna, ambako kazi za Bach na Handel zilipigwa. Alizipangia fuga tano za Bach (kazi ambamo sauti huingia moja baada ya nyingine kwa lahani ileile) ala nne za nyuzi. Ustadi wa kufuma lahani pamoja unaonekana katika sehemu ya mwisho ya simfonia yake ya 41 (1788), ambamo lahani tano husikika kwa pamoja.

Ludwig van Beethoven naye alinakili kwa mkono sehemu ya kazi ya Mozart ya ala nne za nyuzi, K. 464. Kazi ya Beethoven ya ala hizohizo, Opus 18 namba 5, iliyochapishwa mwaka 1801, ina ufunguo uleule, dansi ya minueti katika nafasi ya pili na mageuzi ya lahani katika nafasi ya tatu, kama ilivyo kwa Mozart. Lahani zote ni za Beethoven mwenyewe.