Meneja, Msimamizi na Sanduku la Kufuli Tatu

Ukivuka Nile kutoka Juba mjini, ukaipita Gumbo, unaingia Sherikat, kando ya barabara ya Nimule: kilomita 192 za lami ambazo malori ya Uganda hupita na unga, saruji na soda. Jina la mtaa ni neno la Kiarabu lenye maana ya makampuni, na mzizi wake ndio uliotupa shirika, ushirika na kushiriki. Mama muuza mboga wa hapo na dereva aliyetoka Mombasa wana neno jingine la pamoja lisilohitaji mkalimani. Mama anasema sanduk, dereva anasema sanduku. Ila kwa mama, sanduk ni pia ule mchezo wa fedha ambao Watanzania huuita upatu: kila mmoja anatoa, mmoja anabeba, zamu inazunguka.

Kiarabu cha benki kimelipandisha cheo neno hilo hilo, kwani mfuko wa uwekezaji kwa Kiarabu ni sanduku la uwekezaji. Kiswahili kilichagua mfuko. Liwe sanduku au mfuko, picha ni moja: fedha za watu wengi zimewekwa mahali pamoja zikatafute faida katika hatifungani, hisa au amana za benki. Hapo hakuna ugomvi. Ugomvi unaanza tukitafuta jina la mtu anayeamua fedha hizo ziende wapi.

Wengi humwita msimamizi wa mfuko. Linasikika vizuri, halina harufu ya kigeni, na wafasiri wanalipenda. Tatizo ni kwamba kusimamia kuna sura mbili. Msimamizi wa mirathi huishika mali, huiuza, huigawa. Msimamizi wa mtihani hagusi hata kalamu. Anatembea kati ya madawati akitazama wenzake wanavyojibu. Sasa mamlaka ya serikali inayompa mtu huyu leseni, ikamkagua na kumfungia akikosea, nayo kazi yake inaitwa usimamizi. Mfasiri akizembea kidogo, msomaji anakabidhiwa sentensi kama hii: msimamizi atasimamiwa na msimamizi. Nani kamkagua nani?

Lingekuwa suala la ufasaha tu, lingepita. Lakini mabadiliko ya sheria za mifuko mara nyingi yanahusu jambo hili hili la kutenganisha mikono. Bernard Madoff, tapeli wa uwekezaji aliyekamatwa New York Desemba 2008, aliamua fedha za wateja ziwekezwe wapi, na kampuni yake mwenyewe ndiyo iliyodai kuzitunza na kuandika taarifa za hesabu. Hapakuwa na mtu wa pili wa kufungua kabati na kukuta ni tupu. Mwaka 2011 Umoja wa Ulaya ulitoa agizo kuhusu mameneja wa mifuko mbadala, ukataka kila mfuko wa aina hiyo uwe na mtunza mali wake, na meneja asijipe kazi hiyo. Agizo hilo lilirekebishwa 2024. Kenya nayo ilikaa na kanuni zake za 2001 mpaka 2023, ilipoandika mpya kwa mifuko ya uwekezaji wa pamoja na nyingine kwa mifuko mbadala. Haikuwa mapema: mwishoni mwa 2024 mifuko ya pamoja ya Kenya ilibeba karibu shilingi bilioni 390.

Juba haina soko la hisa, wala mkazi wa Sherikat hahitaji kusoma agizo la Ulaya ili aelewe hoja. Atazame sanduku la kikundi cha kuweka na kukopa, aina ile iliyoanzia Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE na leo ipo Sudan Kusini na Afrika Mashariki nzima. Ni sanduku dogo la chuma lenye kufuli tatu. Funguo ziko kwa watu watatu, na hakuna kati yao anayelala na sanduku nyumbani. Anayelala nalo hana ufunguo hata mmoja. Siku ya mkutano linafunguliwa mbele ya wote, wahesabuji wanahesabu kwa sauti, wanachama wanakariri salio kichwani hadi mkutano ujao. Nani akopeshwe huamuliwa na kikao. Mwenye kulala na sanduku ndiye mtunza mali. Kikao kinafanya kazi ya meneja.

Kwa hiyo meneja. Najua wapo watakaokunja uso kwa neno la mkopo lisilo na utamu, lakini lina sifa moja kubwa: halifanyi kazi nyingine pembeni. Meneja wa mfuko anaendesha, mamlaka inasimamia, na sentensi inasomeka mara moja ikaeleweka.

Neno mdhamini linastahili wasiwasi zaidi. Katika mfuko, mdhamini ni yule anayeangalia kwamba meneja hatoki nje ya waraka wa mfuko. Mtaani, mdhamini ni aliyemtoa mtu mahabusu, aliyechapisha jina lake kwenye jezi ya timu, au aliyetia sahihi kwamba mkopo usipolipwa atalipa yeye. Mnunuzi anayesoma kuwa mfuko una mdhamini ana haki ya kufikiri kwamba hasara ikija, kuna mtu wa kuifidia. Hayupo. Watu wa wakfu pwani wangeweza kutukopesha mutawali, ambaye anatunza mali ya wengine bila kuahidi kulipa pengo, lakini waandishi wa kanuni hawajawagongea mlango.

Pale Kiswahili kilipobahatika ni kwenye kipande. Tanzania ilipoanzisha Mfuko wa Umoja mwaka 2005, sehemu moja ya mfuko iliitwa kipande, na mpaka leo watu wa Dar es Salaam hununua vipande na kuulizia thamani ya kipande. Kenya neno hilo limeelemewa na historia yake: kipande kilikuwa cheti ambacho serikali ya kikoloni ilimlazimisha mwanamume Mwafrika kutembea nacho, mara nyingi ndani ya kikasha cha bati kilichoning'inia shingoni. Ndiyo maana Mkenya anayeweka shilingi zake kwenye mfuko kwa simu, hata akiwa amekaa kibandani Sherikat akisubiri lori lishushwe, atasema amenunua uniti.