Damu Inayoganda Ndani ya Moyo: Historia Iliyoanzia Mulago

 Leo tuongee historia ya ugonjwa mmoja wa moyo, kwa sababu inatuhusu sisi wahamiaji.

Damu kuganda ni kitu kizuri. Ukijikata na panga, inaganda na kidonda kinafunga. Shida ni ikiganda ndani ya moyo wenyewe. Hapo bonge linaweza kukatika, likasafiri kwenye mishipa mpaka kwenye ubongo, na mtu akapooza.

Katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari Mwingereza J.N.P. Davies alikuwa anapasua maiti ili ajue watu wamekufa na nini. Akakuta mioyo yenye shida ya namna moja: ngozi ya ndani imekuwa nene na ngumu kama kovu, na damu imegandia juu yake. Mwaka 1948 akaandika habari hiyo. Ugonjwa unaitwa endomayokadiali fibrosisi, kwa kifupi EMF. Wengine wanauita ugonjwa wa Davies.

Unafanyaje kazi? Kovu linabana chumba cha moyo, damu inakosa nafasi, inarudi nyuma. Maji yanajaa tumboni. Tumbo linakuwa kubwa sana, na mara nyingi miguu haivimbi kwa kiasi hicho. Majirani wakiona hivyo wanasema, huyu amelogwa.

Sasa sikilizeni hapa. Mwaka 1965 watafiti wa Kampala walitoa hesabu ya wagonjwa kwa kabila. Waliotoka Rwanda na Burundi walionekana wengi kuliko ilivyotazamiwa, ukiwalinganisha na Baganda walioishi nao. Wengi wa wahamiaji wa wakati ule walikuja kuwa vibarua kwenye mashamba ya pamba na kahawa. Wengine walikimbia vurugu za Rwanda tangu 1959.

Mtu mvivu wa kufikiri angesema, "Ni damu yao hao." Lakini watafiti waliuliza zaidi: wanakula nini? Muhogo peke yake? Wana minyoo? Malaria? Udongo wa mahali wanapoishi ukoje? Mpaka leo hakuna jibu moja lililokubaliwa. Kitu kinachoonekana kila mahali ni kwamba ugonjwa huu unawapata zaidi watu maskini.

Miaka ya 1970, wakati wa Amin, walimu na madaktari wengi waliondoka Makerere na Mulago, utafiti ukapungua nguvu. Amin alipoanguka mwaka 1979, wenyeji wengi wa Arua na Koboko wenyewe wakawa wakimbizi Zaire na Sudani. Kwa hiyo uhamiaji si kabila. Ni hali, na inaweza kumkuta yeyote.

Mwaka 1988 Taasisi ya Moyo ya Uganda ilianzishwa Mulago. Na mwaka 2008, daktari Ana Mocumbi wa Msumbiji pamoja na wenzake walichapisha kazi kubwa. Walipeleka mashine ya kupiga picha ya moyo kijijini Inharrime, wakapima watu 1,063. Karibu mmoja kati ya watano alikuwa na EMF, na wengi wao hawakujisikia wagonjwa. Kumbe Davies aliona mwisho wa safari tu, mioyo ya waliokwisha kufa. Mashine ilionyesha mwanzo wake.

Kwa hiyo vijana, mkiona mtoto tumbo linajaa maji au pumzi inamkata akitembea kidogo, msikubali aishie kwa mganga. Mpelekeni kituo cha afya, muulize kama moyo wake umepimwa. Na ninyi wafanyakazi wa mashirika, mgonjwa akitoka Kongo, Sudani Kusini au Rwanda, kabila lake lisiwe jibu. Liwe swali la kwanza tu, halafu endeleeni kuuliza: anakula nini, analala wapi, ameumwa na nini tangu utoto.