Ugomvi wa Vijiti Uliozaa Sinema

Mwaka 1921 mtayarishaji wa filamu Hal Roach alikuwa ofisini kwake California, ametoka kumfanyia majaribio binti mdogo aliyeletwa amepakwa vipodozi na kukaririshwa maneno kama kasuku. Alipochungulia dirishani, kwa masimulizi yake mwenyewe, aliona watoto wakigombania vijiti walivyookota kwenye yadi ya mbao. Mdogo wao wote alikuwa ameng'ang'ania kijiti kirefu kuliko vyote. Mkubwa wao akikitaka. Roach akagutuka robo saa imepita, yuko pale pale dirishani.

Mwaka uliofuata ikaanza Our Gang, mfululizo wa filamu fupi za watoto wa mtaa mmoja, wakorofi na wenye mapenzi. Wengi hawakujua kusoma, hivyo mwongozaji Robert McGowan aliwaeleza kisa dakika chache kabla ya kupiga picha. Filamu za mwanzo zilikuwa bubu, naye aliendelea kuwaelekeza kwa sauti huku kamera ikizunguka.

Kwangu, uzito wa filamu hizi uko kwa Ernie Morrison, mtoto mweusi aliyekuwa miongoni mwa nyota wake wa kwanza. Katika majimbo ya kusini, sheria iliwatenga watoto weusi na weupe shuleni, na ndani ya kumbi za sinema weusi waliketi roshani. Kwenye pazia, watoto hao waligombana na kupatana katika genge moja. Doa nalo lipo: mara nyingi weusi walipewa vichekesho vya kuwadhalilisha, na kuvitazama leo kunauma.

Zilitoka filamu 220 hadi 1944. Kampuni ya MGM, iliyonunua mfululizo huo 1938, ilibaki na jina la Our Gang, kwa hiyo Roach alipozipeleka filamu zake za zamani kwenye televisheni mwaka 1955, ziliitwa The Little Rascals.

Jina hilo ndilo alilolitumia Penelope Spheeris kwa filamu yake ya 1994. Ndani yake, mtoto Spanky na wenzake wana klabu ya kuwachukia wasichana. Alfalfa, mwenye kishungi cha nywele kilichosimama wima, anampenda Darla kwa siri. Klabu inaungua, kigari chao cha mbio kinaibwa, urafiki unayumba. Mwishoni Spanky anakutana na dereva bingwa anayemhusudu siku zote. Kumbe dereva huyo ni mwanamke.