Ushahidi wa Tippu Tip, Uliochapwa na Kuchapwa Tena

Miaka mingi kabla Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya, hajawasha kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), Kiswahili kilikwisha kupata kisa cha kupelelezwa, na tukio lenyewe lilikuwa kwetu Maniema. Msimulizi ndiye mtuhumiwa mkuu: Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Msomaji hana budi kuwa mpelelezi, maana mzee huyu hutoboa siri bila kuulizwa, kisha hunyamaza pale pale unapomtegea sikio.

Aliyemshawishi aandike maisha yake ni msomi wa Kijerumani, Heinrich Brode. Tippu Tip aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Brode akakigeuza kwa herufi za Kirumi, akaongeza tafsiri ya Kijerumani, akakitoa Berlin mafungu mawili, 1902 na 1903, katika jarida la wataalamu wa lugha. Mtu wa Kasongo au Pangi angelipata wapi jarida hilo? Mwenye maisha akafariki Unguja mwaka 1905, na kitabu kikalala miaka hamsini na zaidi.

Aliyekiamsha ni W. H. Whiteley. Mnamo 1958 na 1959 alikitoa kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, Kiswahili pamoja na Kiingereza, na utangulizi wa Alison Smith. Mwaka 1966 East African Literature Bureau, shirika lile lile lililomleta Bwana Msa duniani, likakichapa Nairobi. Ndipo kikashikika mkononi. Kisha 1974 padri François Bontinck, aliyefundisha Kinshasa, akatoa Brussels tafsiri ya Kifaransa iliyosheheni maelezo: nani ni nani, kijiji gani ni kipi.

Ukitaka kujua kwa nini kisa hiki hakichakai, soma habari za Utetera. Tippu Tip alisikia kwamba zamani dada zake mtemi Kasongo Rushie walitekwa vitani na watu wa Urua, wakapotea. Akakumbuka kwamba babu yake, Habib bin Bushir, aliwahi kufika Urua. Akaunganisha nyuzi: bibi yangu alikuwa mateka wa kutoka Urua, naye ndiye dada yako. Mtemi mzee akampokea kama damu yake, akamwachia nchi. Mwizi wa riwaya hukamatwa ukurasa wa mwisho. Huyu anakueleza mwenyewe, katikati ya kitabu, jinsi alivyousuka ujamaa huo, wala sauti haimtetemeki. Mimi kila nikifika hapo hucheka, kisha huona haya kwa kucheka, kwa sababu ujamaa ule wa uongo ulifungua njia ya pembe na watumwa.

Kisa cha pili kinapita karibu kabisa na Pangi. Tarehe 5 Novemba 1876 Henry Morton Stanley alitoka Nyangwe pamoja na Tippu Tip, na kesho yake wakaingia msituni, nchi ya Walega. Kwa maelezo ya Stanley, mapatano yalikuwa Tippu Tip amsindikize vituo 60 kwa dola 5,000. Msitu ukawashinda: giza, matope, ndui, mishale. Desemba wakaachana Vinya-Njara kabla ya vituo kutimia, na Stanley anaorodhesha alichotoa: hundi ya dola 2,600, punda, sanduku, mkufu wa dhahabu na vinginevyo. Tippu Tip anakumbuka ahadi kubwa kubwa za mali ya Ulaya, na mwisho wake akaambulia picha ya Stanley. Kila mmoja ana daftari lake. Waliobeba mizigo, na Walega waliochungulia msafara ule kutoka nyuma ya migomba, hawakuulizwa na yeyote kati ya hao wawili.

Hapo ndipo ninapowadai wachapishaji. Matoleo niliyoyataja yana maelezo ya Kijerumani, ya Kiingereza na ya Kifaransa, tena mengine ya kazi kubwa, hasa ya Bontinck. Toleo la Maniema lingeanza na majina. Herufi za Kiarabu hazikuumbwa kwa sauti zetu: hazina p wala ng, na mwandishi wa zamani angeweza kuandika e na i kwa alama moja, o na u vivyo hivyo. Kwa hiyo jina la kijiji lililotoka Lualaba likapita kwenye kalamu ya Unguja, kisha kwenye kalamu ya Mjerumani, laweza kufika kwetu likiwa limebadilika sura. Stanley naye aliandika Uregga, kwa r na kwa g mbili. Mpe ukurasa huo mzee wa Pangi, mtu wa kando ya mto Elila, mwambie asome kwa sauti. Atatamka Ulega bila kujua kwamba amesahihisha kitu, halafu atauliza kijiji kinachofuata kinaitwaje.