Neno "wazi" lilivyomeza mashamba ya Masisi

Ndugu wasomi, sisi wa agronomi tulifundishwa kitu ambacho mkulima wa Rubaya alikijua bila kwenda shule: shamba lililoota majani halijatupwa, linapumzika. Kwenye vilima vyetu hivi, ukilima maharagi na mahindi kila mwaka bila kupumzisha, udongo unakimbia na mvua. Babu alilima upande huu, akaacha ule, kisha akarudi. Majirani walijua ni kwake, mwami pia alijua.

Lakini tarehe 1 Julai 1885 Serikali ya Leopold II iliandika kwamba ardhi "wazi" ni yake. Dekreti ya 1906 ikakubali kwamba ya wenyeji ni pale wanapokaa, wanapolima na wanapotumia kwa desturi zao, ila aliyekuja kupima alikuwa mzungu. Njo vile mashamba yaliyopumzika yakahesabiwa pori. Mwaka 1928 ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, CNKi, iliyowagawia walowezi ardhi ya kahawa, pareto na malisho.

Plantasio bila mikono haiendi. Kuanzia 1937 Wabeljiji wakaleta familia kutoka Rwanda, na kule Gishari, ndani ya Masisi hii hii, wakawawekea sheferi yao juu ya ardhi ya Wahunde, wakaifuta 1957. Nisieleweke vibaya: aliyeletwa naye alikuwa mkulima, amebebwa na mpango asioupanga. Sisi tunagombana huku, aliyechora mpaka alisharudi kwao Bruxelles.

Uhuru ukaja 1960, watu wakangoja ardhi irudi. Ilirudi kweli! Sheria ya Bakajika, 7 Juni 1966, ilinyang'anya konsesio zote za mkoloni, ikazipa Serikali. Mkulima hakuonekana ndani. Sheria ya 20 Julai 1973 ikasema udongo wote ni mali ya Serikali. Tarehe 30 Novemba Mobutu akatangaza zairianisasio, na maplantasio yakaenda kwa wenye kujuana na wakubwa. Mkulima akabaki kuomba kipande ndani ya konsesio, analipa kwa siku za kazi. Machi 1993, mauaji yalipoanza Ntoto huko Walikale na kufika Masisi, hasira ya ardhi ilikuwamo.

Sheria hiyo ya 1973 iko na kifungu cha 389. Kinasema haki za jamii juu ya ardhi wanazokalia zitapangwa na ordonansi ya Rais. Mobutu alitawala karibu miaka 24 baada ya hapo, akaondoka bila kuitia sahihi. Sasa mkulima na tajiri wakikutana mbele ya hakimu, mmoja na cheti cha kadasta, mwingine na neno la babu yake, mnajua nani anarudi nyumbani analia.

Kwangu fidia si kufukuza mtu. Sheria yenyewe inamtaka mwenye konsesio aitumie. Basi zile zilizojaa majani na ngombe wachache zipimwe kwa kipimo kile kile alichopimiwa babu, na wanaolima pembeni wapewe haki iliyoandikwa. Sisi wenye lisanse tunaweza kuanza leo: kutembea na wazee mlimani, kuandika mipaka wanayoikumbuka, kwa simu tu. Wazee hao wanapungua kila mwaka.