Mkomafi

Mkomafi (jina la kisayansi: Xylocarpus granatum) ni mti wa mikoko katika familia ya Meliaceae, pamoja na mwarobaini na mkangazi. Huota kwenye maji ya chumvi kiasi kuanzia pwani ya Afrika Mashariki hadi visiwa vya Pasifiki. Nchini Tanzania hupatikana hasa katika delta ya mto Rufiji, wilaya ya Kibiti, ilipo kata ya Kiongoroni.

Spishi hii ilielezwa na Koenig mwaka 1784. Xylocarpus ni Kigiriki, maana yake "tunda lililo kama mbao". Granatum hukumbusha komamanga.

Tunda na mbegu

Tunda ni la mviringo, lenye kipenyo cha hadi sm 20 au zaidi. Ndani yake mna mbegu 8 hadi 20 zenye pembe, zilizobanana kiasi kwamba zikishatoka ni vigumu kuzirudisha zilivyokuwa. Tunda likiiva hupasuka na mbegu huanguka.

Ganda la mbegu ni nene na jepesi kama kizibo, hivyo mbegu huelea na kuchukuliwa na maji. Ndani ya ganda hakuna endospermu. Akiba ya chakula imo katika kotiledoni mbili zilizoungana. Tofauti na mkoko na mkandaa, mbegu ya mkomafi haioti ikiwa bado juu ya mti. Huota baada ya kutua, na kotiledoni hubaki ndani ya ganda.

Mafuta

Mafuta ya mbegu ni machungu. Uchungu hutokana na limonoidi, kampaundi zitokanazo na triterpeni zenye kaboni 30 zilizopoteza kaboni nne. Mojawapo ni gedunini (C28H34O7). Azadiraktini ya mwarobaini, inayozuia wadudu kula mimea, ni ya kundi hilohilo. Katika Asia ya Kusini-Mashariki mafuta ya mkomafi yalitumika kwa taa na nywele. Andiroba wa Amazonia (Carapa guianensis), jamaa wa karibu, hutoa mafuta yenye asidi ya oleiki kwa wingi, ikifuatiwa na asidi ya palmitiki.

Uhifadhi

Mbao za mkomafi hutumika kwa vyombo vya baharini na samani, na gome lake lina tanini nyingi. Katika delta ya Rufiji mikoko imepungua kwa kukatwa na kufyekwa kwa mashamba ya mpunga. Miti inayozaa ikiisha, mbegu za kurudisha msitu huadimika. Eneo la Rufiji-Mafia-Kilwa liliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2004.